Wanafunzi wa uuguzi: sindano, usingizi na chai

Kuna kitu wanafunzi wa uuguzi hawapendi kusema, nayo ni kudungwa na sindano. Sindano imemdunga mwanafunzi wodini, labda alikuwa anarudishia kifuniko ama mgonjwa ameshtuka akavuta mkono, anaangalia huku na huku, hakuna mtu ameona, anavaa glavu mpya anaendelea na kazi. Anaogopa sista atamkaripia mbele ya wagonjwa. Namuelewa, wodi zingine za hapa Nairobi ni kali kweli, lakini kunyamaza ndio kubaya zaidi.

Ukidungwa, osha hapo hapo na sabuni na maji yanayotiririka, usikamue damu na tafadhali usimwage jiki (bado kuna watu wanafanya hio). Halafu mwambie incharji (msimamizi wa wodi) siku hio hio. Dawa za PEP (za kuzuia HIV baada ya kudungwa) zinafanya kazi vizuri zikianzwa ndani ya saa chache, ikipita saa 72 umechelewa, na unameza siku 28 bila kuruka hata kama tumbo linasumbua. Kama huyo mgonjwa ana HIV, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu 3 kwa kila 1000, kwa hivyo usianze kujiandikia wosia. Hepataitisi B (ugonjwa wa ini) ndio inanitisha mimi, kwa mtu hajachanjwa inaweza kufika hata 30 kwa kila 100. Na chanjo iko! Ni tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Wengi wanachomwa ya kwanza wakijiunga na chuo, wanasahau zingine, na ukiwauliza wanakuambia wamechanjwa. Kwa maoni yangu mtu asishike sindano wodini kama hana angalau mbili.

Usingizi sasa. Unatoka naiti (zamu ya usiku) asubuhi, unapanda matatu, unafika hosteli watu wanafua na redio iko juu. Weka leso nzito kwa dirisha, zima simu, na kahawa iwe ya mapema, maana ile ya saa kumi usiku nusu yake bado iko mwilini saa tatu asubuhi.

Chakula sitasema mengi kwa sababu najua pesa ni kidogo. Ndengu, omena, sukuma na githeri vinatosha kabisa, ila ile chai unakunywa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwa maharagwe na mboga, ngoja kama saa moja hivi ndio unywe, haswa nyinyi wasichana mnaopoteza damu kila mwezi.

Na walimu wenzangu, ukiweka somo la saa tatu asubuhi kwa watu wametoka naiti usishangae wakilala kwa dawati. Hio ratiba ni sisi tunaiandika, na ni sisi tunaweza kuibadilisha muhula ujao.