Je, wajua kwa nini gari ya otomatiki imewekewa alama za + na −?

Msimu wa karafuu mmoja nilikaa kiti cha mbele katika gari ya kukodi, tukitoka Chake Chake, Pemba, kuwahi boti Mkoani. Watu watano na mizigo yetu. Kila penye mteremko dereva alitia frii ili kuokoa mafuta, kisha akawa anashikilia breki mpaka chini. Kando ya njia karafuu zimeanikwa majamvini, zinanukia, halafu ikazishinda harufu nyengine, kali, kama kitu kinachoungua. Zilikuwa breki zetu. Na hapo karibu na goti lake, mkono wa gia una kijia cha pembeni chenye M, + na −. Nikamuuliza kama hukitumia. "Hiyo ya mashindano, mzee."

Hapana. Ile ni ya milima kama hii yetu.

Gari ikiwa kwenye D, ile ya kwenda mbele kwa kawaida, giaboksi huchagua gia kwa kuangalia mwendo na namna ulivyokanyaga mafuta. Gari nyingi hazijui kama mbele pana bonde. Ukiinua mguu, hudhani umetulia, hupanda gia kubwa, na injini huzunguka polepole bila ya kuzuia chochote. Ukisogeza mkono kwenye M, yaani kuchagua gia mwenyewe, na kugusa −, umeiambia: kaa gia ya chini. Hapo magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, pistoni zinavuta hewa kwa taabu kupitia mlango wa hewa uliokaribia kufungwa, na taabu hiyo ndiyo inayolishika gari. Gia ikiwa ndogo, injini huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila duru ya gurudumu, na mshiko unazidi.

Wengi wanaogopa ule mngurumo, wakidhani mafuta yanaliwa. Kinyume chake. Katika gari za nozeli zinazoongozwa na kompyuta, ukiachia mafuta huku gari inashuka na gia, nozeli hufungwa na injini inazungushwa na magurudumu tu. Anayetia frii ndiye anayechoma mafuta, kwa sababu injini yake lazima ilishwe isizimike.

Lakini mafuta ni jambo dogo mbele ya breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na kisiwani kwetu hewa ina unyevu mwaka mzima. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka yapite nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Unakanyaga, kanyagio linazama, gari haisimami. Hili ndilo linalonitia hofu kila ninaponusa harufu ile.

Basi punguza mwendo kwa breki ungali juu ya mteremko, ndipo ushushe gia moja moja. Klachi ya mguu huna na huihitaji. Kompyuta bado inalinda: ukiomba gia itakayoizungusha injini kupita kiasi, hukataa. Barabara ikiwa imelowa usishushe ghafla, magurudumu yanaweza kuteleza. Na kumbuka kwamba injini ikizuia gari, taa za breki haziwaki; gusa breki kidogo ili wa bodaboda aliye nyuma yako ajue.

Kupanda nako M inafaa, gari iliyojaa isihangaike kubadilisha gia juu na chini. Anayeendesha Paje au Makunduchi, kule Unguja kulikokaa bapa, anaweza asiihitaji kabisa.

Gari yako haina + na −? Tazama kama mkono una 2 na L, yaani gia za chini, au kitufe cha O/D (overdrive) ubavuni. Ukikibonyeza kitufe hicho, gia ya juu kabisa hufungiwa, na kwenye dashibodi inawaka taa ya "O/D OFF". Wako wanaoikimbiza gari kwa fundi kwa ajili ya taa hiyo. Ikiwaka bila ya kupepesa, si ubovu: kitufe kimebonyezwa tu. Kibonyeze kabla hujaanza kushuka bandarini Mkoani, na ukifika tambarare kibonyeze tena izimike.