Kutoa betri ya bodi hakufungui diski

Kompyuta ya mitumba ikidai nenosiri la diski kabla hata Windows haijaanza, huenda ukaambiwa: "Toa betri ya bodi, itasahau." Ushauri huo una chembe ya ukweli, maana kwenye kompyuta nyingi za mezani za zamani kutoa betri hiyo ndogo iliyo kwenye bodi kuu hufuta nenosiri la BIOS, yaani programu inayoanzisha kompyuta kabla ya Windows. Nenosiri la diski ni jambo jingine kabisa.

Halikai kwenye bodi. Linahifadhiwa ndani ya diski yenyewe, katika sehemu ambayo mtumiaji haifikii, na diski ndiyo inayokataa kusomwa wala kuandikwa mpaka ilipate. Ndiyo maana ukiihamishia kwenye mashine nyingine inabaki imefungwa. Kuifomati hakuwezekani, kwa kuwa kufomati nako ni kuandika. Kubahatisha nako hakufiki mbali: baada ya makosa 5, kwa kawaida diski haisikilizi tena mpaka umeme wake uzimwe na kuwashwa upya.

Nenosiri la Windows peke yake halifungi diski; mafaili yasiyosimbwa (yasiyogeuzwa kuwa msimbo usiosomeka bila ufunguo) husomeka diski ikichomekwa kwenye kompyuta nyingine. BitLocker, kinga ya diski iliyomo ndani ya Windows, nayo husimba data, na ukikwama unahitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Anzia hapo, nakusihi, kabla ya kumlipa mtu.

Baadhi ya diski zinazojisimba zina msimbo wa PSID kwenye lebo. Msimbo huo huirudisha diski kazini, ila data yote inapotea.