Kwa Nini Muuguzi Huanza na Masikio ya Mtoto Anayejigonga Kichwa?

Mtoto wa miaka saba mwenye usonji mkali (hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na tabia), asiyezungumza, anafikishwa wodini akijigonga kichwa, na mama yake anaeleza kwamba hali hiyo imeanza ghafla siku tatu zilizopita. Wengi wangetarajia muuguzi aandae dawa ya kutuliza. Muuguzi aliyesomea kuwahudumia watoto wenye matatizo makubwa ya ukuaji na tabia huanza kwingine kabisa: pamoja na daktari huhakikisha kwamba masikio, meno na koo vinachunguzwa, kisha humwuliza mama ni lini mtoto alipata choo kwa mara ya mwisho.

Hufanya hivyo kwa sababu mtoto asiye na maneno hawezi kusema "sikio linaniuma". Usaha unapojaa nyuma ya kiwambo cha sikio, au jino linapooza hadi mzizini, maumivu hayo hutokea kupitia mikono, meno na kichwa chake. Kufunga choo kwa siku nyingi, jambo linalowapata watoto wengi wenye usonji, kwa sehemu kwa kuwa baadhi yao hukubali vyakula vichache mno, kunaweza kumfanya mtoto mpole ampige kila amsogeleaye. Vivyo hivyo tindikali ya tumbo inayopanda kooni kila alalapo. Kwa maoni yangu, hakuna kauli yenye madhara makubwa wodini kuliko "ndivyo alivyo", kwa maana ikishatamkwa, hakuna tena anayetafuta jipu.

Ili maumivu yasikadiriwe kwa kubahatisha, wauguzi hutumia kipimo kiitwacho FLACC, kilichotolewa mwaka 1997 huko Michigan, Marekani. Hutazamwa uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio na iwapo mtoto anabembelezeka, na kila kimoja hupewa alama 0 hadi 2, ili jumla ya juu iwe 10. Toleo lililorekebishwa mwaka 2006 kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili humruhusu mzazi kuongeza dalili za pekee za mwanawe, kwani yupo anayecheka anapoumia na yupo anayenyamaza kimya.

Mwili ukishachunguzwa na kuonekana salama, swali hugeuka: kujigonga huko kunampatia mtoto nini? Mwaka 1982, mwanasaikolojia Brian Iwata na wenzake huko Baltimore, Marekani, walichapisha utafiti uliobadilisha kazi hii. Waliwatazama watoto na vijana 9 wanaojiumiza katika hali tofauti za dakika 15: wakipewa kazi, wakisemeshwa kila wanapojiumiza, wakiwa peke yao, na wakicheza kwa uhuru. Kwa 6 kati yao, kujiumiza kuliongezeka waziwazi katika hali fulani mahususi. Mmoja hujigonga ili aepushwe na kazi inayomshinda, mwingine ili mtu amsogelee, na mwingine mwili wenyewe humtaka afanye hivyo hata asipoonwa na mtu. Ndiyo maana kila tukio huandikwa kwenye daftari: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, na nini kikafuata.

Wapo watoto wachache ambao chanzo cha kujiumiza kwao ni maradhi ya kurithi. Katika ugonjwa wa Lesch-Nyhan, ulioelezwa mwaka 1964 na unaowapata karibu wavulana pekee, mtoto hutafuna midomo na vidole vyake ilhali anausikia uchungu wote, na wengi wao huomba wenyewe wafungwe mikono. Huwezi kumwita mtoto huyo mkaidi.

Dawa zina nafasi yake. Risperidone iliidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa hasira kali inayoambatana na usonji, lakini huamsha hamu ya kula, hivyo muuguzi hulazimika kumpima mtoto uzito mara kwa mara. Kumshika kwa nguvu ni hatua ya mwisho kabisa, na kumlaza kifudifudi huku amebanwa ni hatari, kwa sababu kifua kinaweza kushindwa kupanuka na pumzi ikakatika.

Kinacholeta nafuu ya kudumu zaidi ni kumpa mtoto njia nyingine ya kusema lile alilokuwa akilisema kwa kichwa chake. Kama alijigonga ili apumzishwe kazi, hufundishwa kutoa kadi yenye picha ya kupumzika, na mwanzoni kadi hiyo hujibiwa papo hapo kila anapoitoa, kwa kuwa ikipuuzwa atarudi kujigonga ukutani. Kwa hiyo, anapokabidhi zamu, muuguzi humweleza mwenzake, pamoja na habari za dawa na chakula, kadi iko wapi, ina maana gani, na mtoto ameitumia mara ngapi tangu asubuhi.