Waanze na kuediti, kamera itakuja baadaye

Kila tukifungua darasa jipya la filamu kwa wanafunzi wa sekondari swali la kwanza ni lile lile, tutatumia kamera gani, na nikiwaambia wiki mbili za mwanzo hakuna kushika kamera basi nyuso zinanuna kweli kweli. Lakini ndo hivyo. Tunaanza na kuediti, yaani kukata na kuunga klipu ambazo nimeshaziandaa mimi, kwa sababu mtoto akishakata video kwa mkono wake hawezi tena kuangalia habari au klipu ya mtandaoni kwa macho yale ya zamani.

Zoezi la kwanza nimeliazima kwa Lev Kuleshov, mwongozaji wa filamu wa Urusi. Karibu miaka 100 iliyopita huyu bwana alichukua shoti moja (kipande kilichorekodiwa mfululizo bila kukatwa) ya uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso mkavu tu, akaiunga na bakuli la supu, halafu shoti ile ile akaiunga na jeneza, halafu na mwanamke. Inasimuliwa watazamaji walimsifia sana jamaa anavyojua kuigiza, hapa ana njaa, hapa ana majonzi, hapa ana tamaa, kumbe uso haujabadilika hata chembe! Darasani namrekodi mwanafunzi mmoja sekunde 5 akiangalia tu mbele, tunamuunga na chochote, watu wanacheka mpaka basi, kisha kicheko kinakatika ghafla pale mmoja anapoanza kujiuliza yule kiongozi aliyeonyeshwa kwenye habari akitabasamu baada ya picha za ajali, je alikuwa anatabasamia hicho au shoti imechomekwa tu?

La pili ndo linaloleta ugomvi. Nawapa makundi 3 video ile ile ya dakika 20 ya mkutano wa wanafunzi, kila kundi litoe sekunde 40, moja limsifie mwenyekiti, moja limkandie, moja lijitahidi kuwa katikati, na sharti ni kwamba hakuna kuongeza neno, hakuna kubadili sauti, kila shoti iwe imetokea kweli. Wanarudi na wenyeviti watatu tofauti. Nikiuliza nani kadanganya kila mtu anajitetea kwamba hajadanganya, na kweli kwa kipande kimoja kimoja hakuna uongo, ila ukimkata mtu baada ya "sikubaliani na hili" ukaacha "isipokuwa kama wazazi wataridhia" umemlisha maneno kwa kutumia maneno yake mwenyewe. Na lile kundi la katikati huwa ndo linateseka kuliko wote maana wanagundua hata kuchagua uanzie wapi ni kupendelea. Hapo huwa siongei sana, nawaacha wabishane.

Kamera ikija wanaishika wakiwa na mashaka tayari, na ndivyo ninavyotaka. Weka kamera chini mtu anaonekana mkubwa wa kutisha, weka juu ananywea. Simama mbali uvute kwa zumu, watu waliokaa kwa nafasi wataonekana wamebanana, rudi na shoti pana kutoka juu unakuta nusu ya viti ni vitupu. Ukiona umati kwenye video uliza shoti pana iko wapi.

Sauti nayo wengi wanaidharau mpaka warudi na mahojiano ambayo upepo umeyala yote, kwa hiyo maikrofoni iwe karibu na mdomo, na mrekodi nusu dakika ya ukimya wa mahali hapo ili maungio yasisikike. Ruhusa ya wanaorekodiwa pia, na kama ni watoto basi na ya wazazi, hilo halina mjadala.

Siku hizi wazazi wananiuliza zaidi kuhusu video za kutengenezwa na akili bandia. Zipo na tunazifundisha, ila kwa maoni yangu tusiwatishe vijana na hizo peke yake, kwa sababu mara nyingi kinachowapotosha watu ni video halisi kabisa, ya zamani, iliyowekewa maelezo mapya. Kwa hiyo wanajifunza kupiga skrinshoti ya fremu moja, yaani picha moja tu ya ile video, na kuitafuta mtandaoni kwa kutumia picha, waone ilianza kutokea lini na wapi, kabla hawajafowadi kwenye grupu. Ni kazi ya dakika 2, wakati mwingine haileti jibu, na hapo jibu sahihi ni kutoisambaza.

Kwenye kusahihisha kila kundi linaleta filamu pamoja na klipu zote ghafi, na karatasi moja wameandika walichokikata na kwa nini. Wengi hudhani hiyo karatasi ni ya kujazia faili tu, ila mimi ndo naanza nayo kabla hata sijabonyeza plei.