Kuikumbatia Moja: Utao na kazi ya kujilea kiroho

Mwaka 1222, kwenye milima ya Hindu Kush, Genghis Khan alimuuliza mzee mmoja wa Kichina amemletea dawa gani ya kuishi milele. Mzee huyo, Qiu Chuji, alikuwa ameshavuka miaka sabini, na alikuwa safarini kwa takriban miaka miwili, tangu alipotoka Shandong, mashariki mwa China, kuuitikia wito wa khan. Akajibu kwamba njia za kuulinda uhai zipo, ila dawa ya kutokufa haipo.

Jibu hilo nalipenda sana, na si kwa ujasiri wake peke yake. Qiu Chuji alikuwa Mtao, yaani mfuasi wa Tao, "Njia" ambayo vitu vyote hutoka kwayo, na nyuma ya jibu lake kuna karne nyingi za Watao kuitafuta dawa hiyo kwa moto na chungu. Ge Hong, aliyeishi kati ya 283 na 343, aliandika kwa kina namna ya kulichoma jiwe jekundu lenye zebaki hadi ligeuke dawa ya uzima. Dawa za namna hiyo ziliua watu. Wanahistoria huzihusisha na kifo cha mfalme Wuzong wa nasaba ya Tang, aliyefariki mwaka 846 akiwa bado kijana. Taratibu, maneno yaleyale ya chungu, tanuri na madini yakahamia mwilini mwa mtu. Tanuri likawa sehemu iliyo chini ya kitovu, moto ukawa pumzi iliyotulia. Madini yakawa matatu: jing, nguvu ya asili inayokuza mwili na kuzaa, qi, pumzi na uhai unaozunguka ndani yetu, na shen, roho inayotambua.

Kazi ya anayejilea ni kuisafisha jing iwe qi, qi iwe shen, kisha shen irudi kwenye utupu ilikotoka. Ukisoma sura ya 42 ya Daodejing, kitabu cha msingi cha Utao, utaona ramani ya safari hii, ila imechorwa kutoka upande wa pili: Tao huzaa moja, moja huzaa mbili, mbili huzaa tatu, na tatu huzaa vitu vyote. Ulimwengu unashuka kutoka kwenye umoja kwenda kwenye wingi, naye Mtao anapanda njia hiyohiyo kurudi. Kwake umoja haujengwi kwa kuunganisha vitu viwili vilivyokuwa mbalimbali. Ulikuwapo kabla yake, na sura ya 10 inamuuliza tu kama anaweza kuikumbatia Moja bila kuiachia.

Hapa ndipo naona wasomaji wengi wa leo wanapoteleza. Wanatarajia hisia kubwa, kama ya kuyeyuka ndani ya ulimwengu, na wasipoipata huona wameshindwa. Maandiko ya kale yanazungumzia jambo la karibu zaidi: mtu aliyetawanyika. Neiye, maandishi mafupi ya karne ya 4 kabla ya Kristo, yanasema moyo ukitulia qi huja yenyewe na kukaa. Hakuna kuivuta. Kinachotakiwa ni kuondoa hasira, tamaa na wasiwasi vinavyoifukuza. Sura ya 48 ya Daodejing inakwenda njia hiyo pia: anayefuata elimu huongeza kitu kila siku, anayefuata Tao hupunguza kila siku.

Zhuangzi, mwanafalsafa wa Kitao wa kale, katika kitabu chenye jina lake analieleza hili vizuri kuliko wote, na kwa ujasiri anamtia maneno hayo mdomoni Confucius, mwalimu wa shule nyingine kabisa. Mwanafunzi wake, Yan Hui, anasema kwao ni maskini, kwa miezi kadhaa hajanywa pombe wala kula vyakula vikali. Je, hiyo si saumu? Confucius anamjibu kwamba hiyo ni saumu ya matambiko, si saumu ya moyo. Aliyewahi kufunga Ramadhani au Kwaresima bila shaka anaujua uzito wa swali hilo. Kisha anamwelekeza: usisikilize kwa masikio, sikiliza kwa moyo; halafu usisikilize kwa moyo, sikiliza kwa qi, kwa kuwa qi ni tupu na hungoja mambo yaje. Tao hukusanyika mahali palipo tupu.

Mahali pengine katika kitabu hichohicho, Yan Hui anarudi kueleza maendeleo yake. Amesahau wema na haki, kisha taratibu za ibada na muziki, mwishowe anakaa na kusahau hata mwili wake na ujuzi wake. Mwalimu anaomba sasa yeye awe mwanafunzi. Sima Chengzhen, kiongozi wa Utao aliyefariki mwaka 735, aliandika risala nzima juu ya kukaa huko na kusahau.

Lakini kukaa si kila kitu. Wang Chongyang (1113–1170), aliyemfundisha Qiu Chuji, alijichimbia kaburi akiwa hai, akaishi humo akijizoeza. Ungetegemea mtu wa namna hiyo asifu kukaa kimya kuliko yote. Katika hoja kumi na tano zinazohesabiwa kuwa zake, ya saba inasema kuketi wima na kufumba macho ni kukaa kwa juujuu tu. Kukaa kwa kweli ni moyo usiotikisika kama mlima Tai kutwa nzima, uwe umesimama, unatembea au umelala.

Wanafunzi wanaotaka kuanza mimi huwapeleka kwenye hoja hizo kabla ya kitabu chochote cha mbinu za kupumua. Zinahusu mambo ya kawaida kabisa: kujenga kibanda cha kutosha, kujua mitishamba, kusoma bila kujaza kichwa maneno. Ya sita inahusu wenzi wa njia. Watao hujiunga pamoja, inasema, ili wauguzane: wewe ukifa nitakuzika, mimi nikifa utanizika. Ila inaonya kwamba mtu huchaguliwa kwanza ndipo muungane, wala si kuungana kwanza ndipo mwanze kuchunguzana.