Kijana wa Offord Cluny: kwa nini tunachimba hata mitaro ya mashamba

Ukitaja mabaki ya Warumi, wengi hufikiria mahekalu na viwanja vya michezo. Lakini sehemu kubwa ya kazi yetu wanaakiolojia iko kwenye mashamba ya kawaida, yasiyo na hata jiwe moja linaloonekana juu ya ardhi.

Huko Cambridgeshire, Uingereza, ardhi ilichunguzwa kabla ya barabara kuu ya A14 kujengwa upya. Kuanzia 2016, wanaakiolojia wapatao 250 walichimba maeneo takriban 40. Wakakuta maisha yaliyopandana: sehemu za ibada za wakulima wa mwanzo, vijiji vya Zama za Chuma, mashamba na matanuri ya vyungu ya enzi ya Warumi, makazi ya Wasaksoni, na kijiji cha Zama za Kati kilichohamwa.

Yote haya husomwa kwenye udongo. Mtaro uliofukiwa zamani haurudii rangi ya ardhi iliyouzunguka. Ukikwangua kwa mwiko, unaona ukanda mweusi. Mtaro mmoja ukiukata mwingine, uliokata ndio wa baadaye. Vigae vilivyomo husaidia kukadiria umri.

Ndani ya mtaro wa namna hiyo, karibu na kijiji cha Offord Cluny, alizikwa kijana wa miaka 18 hadi 25, peke yake, bila kitu chochote kando yake. Angeweza kupita tu kama mkulima wa pale. Vipimo vya kaboni vilionyesha aliishi wakati fulani kati ya mwaka 126 na 228 BK. Kisha DNA kutoka kwenye mfupa wa sikio la ndani, katika utafiti uliochapishwa 2023, ikamhusisha na Wasarmatia, wafuga farasi wa nyika zilizo kaskazini mwa Bahari Nyeusi.

Meno yake ndiyo yanayonigusa zaidi. Kemikali zilizobaki ndani yake zinaonyesha kwamba hadi umri wa miaka mitano au sita alikula nafaka za jamii ya mtama na ulezi. Baadaye zikapungua, ngano ikachukua nafasi. Yaani alianza safari akiwa mtoto.

Mwanahistoria Cassius Dio aliandika kwamba mwaka 175 Kaisari Marcus Aurelius alipeleka wapanda farasi 5,500 wa Kisarmatia Britania. Huenda kijana huyu alikuja na jamaa wa askari hao. Kwa muda mrefu tuliwatafuta kwenye ngome za jeshi. Huyu alikuwa kando ya shamba.