Mtoto wako wa form one sio mvivu, lugha ndo imemfunga mdomo

Jamani wazazi, hii sentensi ya "shule ya msingi alikuwa na akili, kufika form one kawa mvivu" nimeichoka, wiki hii nimeisikia tena.

Mama mmoja kaja na kijana wake, darasa la saba alikuwa anashika namba tatu, sasa hivi kemia ana 14, mama anasema makundi yamemharibu. Nikafungua daftari. Mwandiko msafi, kila kitu kimenakiliwa kutoka ubaoni, mpaka vichwa vya habari kavipigia mstari kwa rula. Nikamuuliza evaporesheni ni nini, kimya, anaangalia viatu. Nikamwambia haya, mvukizo je? Akanyanyua kichwa akaanza, maji yakipata joto yanageuka mvuke yanapanda hewani, akaongezea ndo maana kanga ya bibi ikianikwa kwenye upepo inakauka hata jua likijificha. Mvivu anaongea hivyo?

Ukweli ni kwamba huyu miaka 7 kasoma kila somo kwa Kiswahili, Kiingereza kilikuwa somo moja tu kati ya mengine, halafu Januari anaingia sekondari na ghafla hesabu, jografia, kemia, vyote ni Kiingereza. Ile kozi ya Kiingereza ya wiki chache mwanzoni haizibi pengo la miaka 7! Mwalimu akiuliza mmeelewa, darasa zima linaitikia yes, kwa sababu anayesema hajaelewa ataambiwa haya uliza swali, na aulize kwa Kiingereza, akikosea wanamcheka mpaka mapumziko. Kijana wa miaka 14 bora achapwe kuliko achekwe. Kwahiyo ananyamaza, na Jumapili usiku tumbo linaanza kuuma, na linauma kweli, hofu inashuka mpaka tumboni, msimwite muongo.

Dawa yangu siku zote ni hii, kila jioni muulize leo mmefundishwa nini, akueleze KWA KISWAHILI, akishaelewa kitu chenyewe ndo aandike maneno 5 ya Kiingereza ya somo hilo. Hata kama wewe hukufika sekondari unaweza kumsikiliza.

Mengine haraka haraka. "Mpeleke bodingi atanyooka": bodingi haina dawa ya lugha, na inamtenga na mtu ambaye angemuuliza vipi leo. "Anayekesha ndo anafaulu": hapana, miaka 13 mpaka 18 anahitaji kulala masaa 8 mpaka 10, na ubongo unahifadhi alichosoma akiwa amelala. "Anapenda shule kwa ajili ya mpira tu": sasa si ndo unaomtoa kitandani asubuhi, utamkatazaje?

Yule kijana anarudi Alhamisi kunieleza kwa Kiswahili kwanini ndoo tupu inaelea, maneno yake 5 yakiwa pembeni. Mama nimemuomba mpaka siku hiyo asimuulize namba.